Injini Imefungwa Upya: Namna ya Kuiwasha Mara ya Kwanza

Injini kuukuu ikikataa kuwaka, fundi hutafuta kilichochakaa. Injini iliyofumuliwa na kufungwa upya ikikataa, karibu kila mara shida si uchakavu. Kuna kitu kimewekwa mahali pasipo pake, kimesahaulika mezani, au kimekazwa kabla ya zamu yake. Anayesahau tofauti hii huanza kununua: koili mpya, kabureta nyingine, betri kubwa zaidi, na wakati wote huo stata inazungusha injini kavu iliyokula akiba yake yote. Anayeikumbuka hurudi kwenye kazi ya mikono, hatua kwa hatua, na mara nyingi hupata jibu bila kutoa hata shilingi.

Mfano wangu ni Peugeot 504. Lilitoka Ufaransa mwaka 1968, likachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1969, kisha likawa gari la huku kwetu: liliunganishwa Mombasa, likabeba abiria na mizigo barabara zote za Kenya, na mwaka 1975 Ove Andersson akashinda nalo Safari Rally. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,971 ina silinda nne, hedi ya alumini, na slivu za kuchomoa zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Ni injini mvumilivu, lakini ina mitego yake. Ukiwa na Datsun, Land Rover au Volkswagen, mpangilio wa kazi ni huu huu. Vipimo vitoe kwenye kitabu cha gari lako, usiazime vya gari la jirani.

Oili kabla ya moto

Injini ikifanya kazi, kranki haigusani na beringi zake. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu. Injini iliyofungwa jana haina utando huo. Ina mafuta kidogo tu yaliyopakwa wakati wa kufunga, na gari likikaa wiki kadhaa yanateremka yote kwenye sampu. Ukiiwasha hivyo, sekunde chache zinatosha kuchuna beringi mpya. Kwa hiyo lengo la kwanza si injini iwake. Lengo la kwanza ni sindano ya presha ya oili ipande, kabla injini haijaona cheche wala petroli.

Weka oili ya madini, 20W-50. 504 hula takriban lita 4, lakini neno la mwisho ni la kijiti cha kupimia. Ya sinthetiki iache mpaka ringi zizoeane na ukuta wa slivu. Jaza filta kwa oili kabla ya kuifunga, kadiri mkao wake unavyoruhusu bila kumwaga. Kisha toa plagi zote nne, tenganisha waya unaopeleka umeme kwenye koili, shika spana kwenye nati ya puli ya kranki na uzungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Uzito unaolingana mzunguko mzima ni wa kawaida, kwa sababu ringi ni mpya. Kugota ghafla mahali pamoja si kawaida. Huenda vali inakutana na pistoni kwa sababu alama za cheni ya taimingi hazikulingana, au kuna kitu kimeangukia ndani. Usiilazimishe. Stata haina hisia za mkono wako, na ingepita palepale ulipogota huku ikipinda vali.

Taa ya oili ya dashibodi haitoshi kwa kazi hii, maana huzimika hata presha ikiwa ndogo sana. Fungua swichi yake kwenye bloku na mahali pake ufunge geji ya mpira au ya bomba, yenye sindano. Sasa piga stata kwa sekunde 10 hadi 15, iache ipumzike dakika moja au mbili, kisha rudia. Bila plagi injini huzunguka kwa wepesi na beringi hazibebi mzigo, kwa hiyo hutaiumiza. Baada ya awamu chache sindano lazima ipande.

Isipopanda, acha stata. Huenda pampu haishiki oili kwa sababu ilifungwa ikiwa kavu. Inabidi mdomo wake ujazwe oili au meno yake yapakwe mafuta ya mgando ndipo ivute. Huenda vali ya kupunguza presha imekwama ikiwa wazi. Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni la vizibo vya mifereji ya oili. Bloku likipelekwa kuoshwa na kuchongwa, vizibo hivyo hutolewa ili mifereji isafishwe, na kimoja kikisahaulika oili yote inamwagika ndani ya sampu badala ya kufika kwenye beringi. Hakuna dalili nyingine ila presha kukosekana. Ndiyo maana geji hii ndogo ina thamani kuliko kifaa kingine chochote katika siku hii.

Presha ikishapanda, fungua kifuniko cha tapeti na uendelee kuzungusha mpaka uone oili ikichuruzika kwenye kila roka. Roka moja kavu maana yake tundu lake limeziba, au shafti ya roka imefungwa kinyume.

Kwa 504 kuna jaribio moja zaidi, nalo ni la slivu. Kila slivu inakaa juu ya kizuizi chembamba chini, na ikiwa kizuizi kimoja kimekunjika au slivu haikusimama kwa kimo kinachotakiwa, maji hupenya hadi kwenye oili. Jaza maji kwenye mfumo, fungua koki ya hita ili hewa itoke, uliache gari usiku mzima. Asubuhi, kabla ya kuzungusha chochote, legeza kizibo cha sampu taratibu mpaka kidondoshe kidogo. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia kutoka. Ni afadhali ufumue leo kwa tone hilo kuliko kesho kwa beringi zilizokufa.

Silinda namba moja iko wapi?

Peugeot huhesabu silinda kuanzia upande wa flaiwili, nyuma, wala si upande wa feni. Wengi waliozoea magari ya Kijapani na ya Kiingereza huhesabu kutoka mbele bila kufikiri. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na hapa kuna jambo la kuvutia: ukigeuza hesabu, 1 ikawa 4 na 2 ikawa 3, mpangilio unabaki uleule. Kwa hiyo nyaya za plagi zitaonekana zimefuatana sawasawa hata kama umeanzia upande usio wake. Kilichobadilika ni kwamba kila cheche inatokea mzunguko mzima wa kranki nje ya wakati wake. Pistoni inafika juu kutoa moshi, ndipo cheche inapopigwa. Injini hiyo haiwaki, ila itatema moto kwenye kabureta au kupasua mlio kwenye ekzosi.

Basi usiamini alama ya puli peke yake, kwa sababu pistoni ya kwanza na ya nne hufika juu pamoja. Angalia roka. Roka za silinda ya nne zikiwa katikati ya kubadilishana, moja ikifunga vali na nyingine ikianza kufungua, ya kwanza iko juu kwenye mgandamizo na roka zake zote mbili zina nafasi. Hapo hapo unaweza kupima tapeti zake: injini ikiwa baridi, milimita 0.10 kwa vali ya kuingiza na 0.25 kwa ya kutoa. Kisha tazama rota ya distribyuta inaelekea wapi. Mlango huo wa kifuniko ndio wa waya wa silinda ya kwanza. Zungusha injini kwa mkono uone rota inakwenda upande gani, na ufuate upande huo huo kupanga 3, 4 na 2. Ukigundua rota iko nusu mzunguko wake nje, huna haja ya kung'oa distribyuta: hamisha kila waya kwenye mlango unaokabiliana nao.

Pointi mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Zifute kwa kitambaa safi, la sivyo cheche haitatokea na utalaumu koili bure. Nafasi yake ni milimita 0.40. Mara nyingi kosa liko kwenye kipete kidogo cha plastiki kinachotenga springi ya pointi na mwili wa distribyuta: kikiwekwa upande usio wake, umeme hukimbilia athi muda wote na koili haifanyi kitu.

Taimingi iweke kwa balbu ya volti 12. Unganisha waya mmoja kwenye ncha ya koili inayokwenda distribyuta, mwingine kwenye athi, fungua swichi, weka kranki kwenye nyuzi zinazoelekezwa na kitabu, halafu zungusha mwili wa distribyuta taratibu. Balbu itawaka pointi zinapoachana. Hapo ndipo cheche hutokea. Kaza.

Plagi za 504 hukaa ndani ya visima virefu vinavyopita kwenye kifuniko cha tapeti. Vizuizi vya visima hivyo visipokaa vizuri, oili hujaa humo na umeme huvujia pembeni. Viangalie kabla, maana dalili yake baadaye, silinda moja kukosa, hufanana na mambo mengine mengi.

Petroli na mambo madogo ya mwisho

Tangi lililokaa muda limejaa kutu na petroli iliyochacha. Kwa mara ya kwanza tumia chombo kidogo kisafi cha petroli mpya kupitia bomba lenye filta, na ujaze bakuli la kabureta kabla ili stata isizunguke bure ikingoja pampu ivute.

Kama gari lako ni la zamani zaidi na lina hedi ya chuma, muulize aliyechonga kama vikalio vya vali za kutoa ni vigumu. Tangu mwanzo wa 2006 petroli ya risasi haiuzwi tena kusini mwa Sahara, na ile risasi ndiyo iliyokuwa ikilinda vikalio laini. Hedi ya alumini ya 504 ina vikalio vya kupachikwa, hivyo hofu ni ndogo.

Angalia waya wa athi kati ya injini na bodi. Gari lililopakwa rangi upya mara nyingi linakosa mgusano, au waya wenyewe umebaki kwenye sanduku. Stata huzunguka kwa uchovu, na kebo ya choki au ya ekseleta hupata moto na kutoa moshi, kwa sababu umeme unatafuta njia ya kurudi betri kupitia humo. Ukiona kebo inafuka, usitafute kosa kwenye kabureta. Kwangua rangi, funga athi.

Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu, si ukutani. Gari liwe nje au mlango wazi, na msaidizi akae kwenye swichi macho yakiwa kwenye geji, hata kama wewe ndiye mwenye gari na unatamani kuigeuza mwenyewe. Mahali pako ni mbele, unapoona uvujaji.

Dakika 20

Ikiwaka, mwenye swichi atazame presha ya oili peke yake. Isipoonekana ndani ya sekunde 10, azime bila kusubiri amri.

Kama kamshafti na tapeti ni mpya, usiiache injini ingurume taratibu. Ngozi ya tapeti na ya kamu huzoeana chini ya mgandamizo mkubwa, na kwa mwendo wa chini oili inayorushwa na kranki haizifikii vya kutosha. Peleka mzunguko hadi kama 2,000 kwa dakika, uupandishe na kuushusha kidogo kidogo kati ya 1,500 na 2,500, kwa dakika 20 hivi. Oili nyingi za siku hizi zina zinki na fosforasi kidogo kuliko za zamani. Kwa kipindi hiki, ile 20W-50 ya madini uliyoweka mwanzo iwe iliyotengenezwa kwa ajili ya injini mpya au magari ya kale. Ikibidi kuzima kwa sababu ya uvujaji, zima. Dakika hizo zinahesabiwa kwa jumla, hazidai ziwe mfululizo.

Joto lifuatilie. Feni ya 504 ina klachi ya sumaku inayoshikwa na umeme maji yakipata moto, na baada ya kufungwa upya waya wake husahauliwa kirahisi. Gari likiwa limesimama, weka feni ya nyumbani mbele ya rejeta. Sindano ya joto ikipanda ghafla kisha ikashuka, bado kuna hewa kwenye maji.

Moshi wa buluu wa dakika za mwanzo usikutie hofu. Ni mafuta ya kufungia yanaungua. Rangi mpya ya ekzosi nayo itafuka na kunuka.

Ikikataa

Hapa ndipo subira inapohitajika. Usiendelee kupiga stata. Kila mzunguko unaingiza petroli inayoosha oili kwenye kuta za slivu, na ringi zisizo na oili hazigandamizi, kwa hiyo kadiri unavyong'ang'ania ndivyo nafasi ya kuwaka inavyopungua. Ukiwa umefika huko, toa plagi, zikaushe, mwagia kijiko kidogo cha oili kila silinda, zungusha, kisha anza upya.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Hili linasemwa na kila mtu na linavunjwa na kila mtu, hasa wanaposimama mafundi watatu kwenye boneti moja.

Anza na cheche: waya wa katikati wa koili ukikaribishwa kwenye bloku utoe cheche nono ya bluu, mbali na petroli na ukiushika kwa kibanio chenye kuzuia umeme. Haipo? Weka balbu ya taimingi. Isiyowaka kabisa maana yake umeme haufiki au pointi hazifunguki. Inayowaka muda wote maana yake hazifungi au zina uchafu. Balbu ikiwaka na kuzimika sawasawa na cheche bado haipo, ndipo ushuku koili, kondensa au rota.

Cheche ipo na petroli ipo, lakini injini inatema kwenye kabureta: rudi kwenye roka za silinda ya nne. Stata inasukumwa nyuma kana kwamba injini inapigana nayo: taimingi imetangulia mno. Inashika ukiminya bomba la petroli na kuzimika ukiliachia: kabureta inafurika, boya halifungi. Inawaka ukinyunyiza petroli kidogo kooni na kufa mara moja: mlango wa petroli umeziba, au hewa inapenya chini ya kabureta kwenye gaskiti mpya iliyowekwa kinyume.

Yote hayo yakiwa sawa, pima mgandamizo wa silinda zote nne, ekseleta ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Zote zikiwa chini kwa kiasi kimoja, cheni ya taimingi imekosea jino au ringi zimeoshwa. Kijiko cha oili kitakuambia, kwani kikipandisha namba ni ringi. Silinda mbili jirani zikiwa chini, gaskiti ya hedi kati yao haikukaa. Moja tu ikiwa chini, tapeti yake imekazwa mno na vali haifungi.

Namba hizo zisome kulingana na mahali ulipo. Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya bahari, na hewa ya huko ina mgandamizo pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko ya Mombasa. Injini nzima kabisa itasoma pungufu kwa kiasi kama hicho. Geji ya mvuto wa manifoldi nayo hushuka inchi moja hivi kwa kila futi 1,000: inayosoma 20 Tanga itasoma 14 au 15 Nairobi. Kabureta iliyorekebishwa pwani pia itakula petroli nyingi milimani na kutoa moshi mweusi. Injini nzuri hufumuliwa tena bure kwa sababu ya vitabu vilivyoandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari.

Ikiwaka, lakini

Mlio wa kugonga ndio unaogawanya mafundi. Kelele nyepesi ya kasi, inayosikika juu, ni tapeti. Zima, ipoe, pima. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini unaozidi ukikanyaga ekseleta ni beringi, na huo hauruhusu hata dakika moja zaidi. Kabla ya kuzima, chomoa haraka waya wa plagi moja moja: mlio ukipungua kwenye silinda fulani, umepata konrodi yake. Fungua sampu kabla kranki haijachunika.

Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto, na kiwango cha maji kinapungua, ni gaskiti ya hedi au slivu. Wa buluu usiokoma unahitaji kusubiri, kwa sababu ringi hazikai bila mzigo. Lipeleke gari barabarani siku hiyo hiyo. Kwa gia ya juu, kanyaga kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa, achia kabisa lirudi lenyewe, na urudie mara kadhaa. Mvuto wa kuachia husafisha, mzigo wa kukanyaga husukuma ringi kwenye ukuta. Anayelibembeleza gari kwa mwendo wa harusi kilomita 1,000 huzifanya kuta za slivu zing'ae, na baada ya hapo ringi hazitakaa tena mpaka slivu zikwanguliwe upya.

Mwaga oili ikiwa bado ya moto baada ya safari hiyo ya kwanza, na ukate filta uione ndani. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba au vinavyonasa kwenye sumaku ni habari nyingine. Weka oili mpya, na uibadilishe tena ifikapo kilomita 500.

Usiku huo liache gari lipoe kabisa. Hedi ya alumini na gaskiti mpya zimetanuka na kusinyaa kwa mara ya kwanza, na nguvu ya boliti imeshuka. Kwa mpangilio wa kitabu, kuanzia katikati kwenda nje, legeza boliti moja kidogo, ikaze tena kwa spana ya kipimo, ndipo uhamie inayofuata. Usilegeze zote pamoja. Ukimaliza, pima tapeti upya zote nane, kwa sababu hedi iliyoshuka hata kidogo inakula nafasi ya milimita 0.10 uliyoiacha, na vali isiyofunga vizuri huungua ndani ya safari chache.